Jinsi ya Kuonyesha na Kujadili "Le Souffle au cœur" Katika Klabu ya Filamu

Filamu hii ya Louis Malle ilitoka mwaka 1971 na hadi leo inagawa ukumbi. Inamfuata Laurent Chevalier, mvulana wa miaka 14 anayekaribia 15, kitindamimba katika nyumba ya wenye nafasi mjini Dijon, Ufaransa, mwaka 1954. Baba ni daktari wa magonjwa ya wanawake, mtu mkavu asiye na maneno mengi kwa wanawe. Mama, Clara, ni Mwitaliano, mchangamfu, na umri wake hauko mbali sana na wa watoto wake. Kaka wawili ni watundu kupindukia. Laurent anaugua, moyo wake unasikika ukivuma, na mama anampeleka kwenye mji wa matibabu ya maji ya chemchemi. Huko, usiku wa sikukuu ya taifa ya 14 Julai, mama na mwana wanavuka mpaka usiovukwa. Kiswahili kina neno lake: kujamiiana kwa maharimu.

Filamu nyingi zimegusa jambo hilo. Hii inasumbua kwa sababu Malle analisimulia kwa upole, muziki wa jazi ukipiga, kisha anafunga filamu kwa kicheko cha familia nzima. Mtazamaji hujikuta anacheka nao kabla hajajiuliza anacheka nini. Kazi ya mwendesha klabu ni kuwarudisha watu kwenye kicheko hicho wakiangalie kwa macho makavu. Kama huna muda wa mjadala baada ya onyesho, usiionyeshe.

Mwongozo huu ni wa klabu za watu wazima, miaka 18 kwenda juu, na mlangoni umri uulizwe kweli. Mapendekezo ya filamu ya kuwaonyesha vijana yako mwishoni.

Itazame mara mbili kabla ya kumwalika mtu

Mara ya kwanza itazame moja kwa moja, dakika 118, bila kusimamisha. Andika jambo moja tu: ulicheka wapi. Mara ya pili kaa na kalamu na saa, uandike dakika ambapo matukio haya yanaanza na kuisha:

– mwanzo, Laurent na mwenzake wakichangisha fedha za majeruhi wa vita vya Indochina;
– kaka wanapochezea mchoro wa Corot, mchoraji Mfaransa, wakati baba hajui kama ni ule halisi au nakala;
– mchezo wa kurushiana mchicha mezani;
– Padri Henri, anayechezwa na Michael Lonsdale, na Laurent katika maungamo;
– daktari anaposikiliza moyo;
– mama na mwana wanapojikuta katika chumba kimoja cha hoteli;
– maneno ya mama baada ya usiku wa 14 Julai;
– asubuhi ya mwisho.

Dakika hizi ndizo ramani yako. Mtu akibishana kwamba "mama hakusema hivyo", unarudi kwenye maneno yenyewe. Lakini usionyeshe tena kipande cha usiku ule, na usikikate kukituma kwenye kikundi cha WhatsApp kama tangazo. Kinamhusu mhusika aliye mtoto, na kikiwa peke yake hakina maana yoyote isipokuwa kuchokoza watu. Kwa tangazo, jina la filamu, mwaka, umri unaoruhusiwa na sentensi mbili za onyo vinatosha.

Haki na kibali

Diski uliyoinunua au filamu unayoilipia kwenye intaneti inakupa ruhusa ya kuitazama nyumbani. Onyesho la hadhara, hata la bure, hata la watu 20, linahitaji ruhusa ya mwenye haki. Mwandikie msambazaji ukitaja tarehe, ukumbi, idadi ya viti, kama kuna kiingilio, na aina ya nakala unayotaka. Anza miezi miwili mapema. Alliance Française ya mji wako ni mahali pazuri pa kuuliza jinsi ya kumpata msambazaji.

Kibali cha serikali ni jambo jingine, na kimoja hakibadili kingine. Kenya, filamu ya kuonyeshwa hadharani hupangiwa daraja na bodi ya uainishaji, KFCB. Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza. Katika maombi, eleza kisa kwa ukweli. Usiandike "filamu ya familia" ukitumaini hakuna atakayeitazama. Bodi ikikataa, basi imekataa, na onyesho la kichinichini la filamu yenye kisa hiki litaiua klabu yako.

Nakala: kasi, umbo na sauti

Kasoro ya kwanza ni kasi. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Diski za DVD zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huendeshwa kwa picha 25, hivyo dakika 118 zinakuwa kama 113, na sauti yote inapanda kidogo, karibu robo tatu ya nusutoni. Katika filamu nyingine ungeweza kupuuza. Hapa muziki ni Charlie Parker na Sidney Bechet, na Laurent anaupenda kiasi cha kuiba sahani ya santuri dukani. Anayeijua jazi atasikia saksafoni imebanwa. Blu-ray na faili za sinema hubaki kwenye 24, na ndizo za kutafuta.

Kasi hiyohiyo ndiyo inayoharibu manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha. Faili la manukuu lililotayarishwa kwa picha 24 likiwekwa juu ya nakala ya 25 litaanza sawasawa, kisha litachelewa polepole: baada ya saa moja limeachwa nyuma kwa zaidi ya dakika mbili. Watu wengi hubonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, vibonyezo vinavyosogeza manukuu kwa milisekunde 50, wakadhani wametibu. Wamesogeza tu mahali pa kuanzia, na dakika kumi baadaye kosa limerudi. Dawa ni kubadili kasi ya faili zima, kutoka 24 kwenda 25, kwa programu kama Subtitle Edit ambayo ni ya bure. Kisha kagua sehemu tatu: dakika ya 5, ya 60 na ya 110. Zikikaa zote, umemaliza.

Umbo la picha ni 1.66 kwa 1, jembamba kidogo kuliko televisheni za leo. Kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, picha inachukua upana wa pikseli 1793 hivi, na kila upande unabaki utepe mweusi wa pikseli 63. Utepe huo ni sahihi. Ukiona picha imejaza skrini yote, ama imevutwa na nyuso zimenenepa, ama imekatwa juu na chini na vipaji vya nyuso vimekwenda. Kwenye VLC, kibonyezo A hubadilisha umbo na C hukata picha. Mtu akivigusa kwa bahati mbaya, endelea kubonyeza mpaka pakae sawa.

Sauti ni ya njia moja. Spika mbili zilizowekwa pande zote za skrini zinatosha, ila zisipelekwe nyuma ya ukumbi. Minong'ono ya mama na mwana ikitokea mgongoni mwa watazamaji huku midomo iko mbele, watu wanaacha kuisikiliza.

Manukuu ya Kiswahili

Hapa pana kazi halisi, na pana raha pia. Ukitafsiri kutoka manukuu ya Kiingereza utarithi makosa ya mwingine, kwa hiyo pata mtu anayesikia Kifaransa, hata kama ni wa kukagua tu.

Kipimo tunachoshauri: mistari isizidi miwili, herufi zisizidi 40 kwa mstari, na kasi ya kusoma iwe herufi 13 kwa sekunde. Manukuu ya herufi 65 basi yakae sekunde 5. Yasikae chini ya sekunde 1 wala zaidi ya 7. Hifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo majina kama Gélin yatageuka alama za ajabu.

Kiswahili kinakunyang'anya na kinakurudishia. Neno gynécologue lina herufi 11, na "daktari wa magonjwa ya wanawake" inakula 31. Lakini Je ne te l'ai pas dit, herufi 21, inakuwa "Sijakuambia", herufi 11. Kitenzi chetu kinameza mtendaji, mtendwa na kukanusha kwa pumzi moja. Kwa hiyo tegemea vitenzi. Badala ya "yeye ni daktari wa magonjwa ya wanawake", mara ya pili andika "daktari" tu, maana watazamaji wameshajua.

Pana mtego kwenye neno père, yaani baba. Laurent anamwita baba yake papa na anamwita padri mon père. Ukitumia "Baba" kwa wote wawili, kama Wakatoliki wengi wanavyofanya katika maungamo, mtazamaji atachanganyikiwa katika tukio nyeti kuliko yote ya nusu ya kwanza. Mwite padri "Padri" tangu mwanzo hadi mwisho, na baba mzazi awe "Baba".

Tofauti ya tu, "wewe" wa kawaida, na vous, "wewe" wa heshima, haina ndugu wa moja kwa moja kwetu. Usijaribu kuibeba kwa "nyinyi". Tumia tunachotumia sisi kuonyesha heshima: Bwana, Bibi, Daktari, shikamoo pale inapofaa, na umbo la ombi, "naomba", badala ya amri. Kaka wanapotukanana, tukana kwa kiasi kilekile. Manukuu yaliyosafishwa huwafanya wavulana hawa waonekane wapole, na filamu haieleweki bila ufedhuli wao.

Jina lenyewe la filamu nalo lina mambo mawili. Souffle ni pumzi, ni upepo mdogo, na souffle au cœur ni lugha ya daktari: sauti ya mvumo inayosikika kati ya mapigo mawili ya moyo, damu inapopita kwa msukosuko, mara nyingi kwenye vali. "Mvumo wa Moyo" inabeba zote mbili vizuri. "Mnong'ono wa Moyo" inavutia, ila inaegemea mapenzi na kuupoteza ugonjwa. Na ugonjwa ni wa kweli. Homa ya skaleti inayomshika Laurent, ile ya koo na vipele vyekundu, huletwa na bakteria wa kundi A la streptokoka, walewale ambao maambukizi yao ya koo yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo. Madaktari wa Afrika Mashariki wanaijua njia hiyo vizuri mno. Mtazamaji akilifahamu hili, anaelewa kwa nini mvulana mwenye afya ya kuruka na kucheza analazwa, anapakatwa, anarudishwa utotoni mikononi mwa mama.

Ukumbi

Kwa skrini ya upana wa mita 3, kimo ni kama mita 1.7 na eneo ni mita za mraba 5. Kufikia mwanga wa sinema, yaani kandela 48 kwa mita ya mraba, zinahitajika lumeni 760 hivi zinazofika kwenye skrini yenyewe. Projekta huandikwa zaidi ya inavyotoa, na taa yake hufifia kwa umri, kwa hiyo tafuta ya lumeni 2,000 na uzibe madirisha. La sivyo weusi unageuka kijivu na usiku wa 14 Julai unaonekana kama mchana.

Inua ukingo wa chini wa skrini mita 1.2 kutoka sakafuni. Manukuu yanakaa chini, na kichwa cha mtu wa mstari wa mbele kinaweza kufuta nusu ya mazungumzo kwa walio nyuma yake. Viti vya kwanza visiwe karibu kuliko upana wa skrini.

Umeme ukikatika, andika mara moja dakika mlipofika. Ukirudi, rudisha filamu nyuma dakika moja. Kama umekatika ndani ya nusu saa ya mwisho na haurudi, usiwaache watu waende hivihivi: waeleze kwa maneno inavyoisha, kisha fanyeni mjadala kwa taa ya chemli. Aliyeondoka akiwa ameona usiku ule bila kuona asubuhi yake ameondoka na filamu nyingine kabisa.

Ratiba inayofaa: saa kumi kamili alasiri utangulizi wa dakika 10, filamu, mapumziko ya dakika 15, mjadala wa dakika 50. Mnamaliza kama saa moja na robo usiku, watu wakapate usafiri.

Utangulizi

Dakika kumi tu, na si za kumsifu mwongozaji. Sema mambo manne.

La kwanza ni onyo, bila kuzungukazunguka: filamu ina kujamiiana kati ya mama na mwanawe aliye chini ya umri, na ina padri anayemgusa mtoto isivyofaa. Wako wanaohofia kwamba onyo linaharibu utamu wa kisa. Haliharibu chochote. Anayejua kinachokuja anaona jinsi Malle anavyokitayarisha tangu tukio la mwanzo, na huko ndiko kuna filamu. Na ukumbi wa watu 30 una uwezekano mkubwa wa kuwa na mtu aliyetendewa hivyo nyumbani kwao. Ana haki ya kuamua kama atakaa. Onyesha mlango, na mtaje mtu atakayekuwa nje.

La pili ni mwaka. Ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu, Vietnam, ilizingirwa tangu 13 Machi 1954 na ikaanguka 7 Mei. Mezani kwa akina Chevalier vita hivyo ni habari ya redioni. Kabla mwaka haujaisha, tarehe 1 Novemba, vita vya Algeria vikaanza. Familia hii inakula, inacheza na kutaniana juu ya himaya inayobomoka, na Malle analionyesha hilo kwa makusudi.

La tatu ni mwaka wa filamu yenyewe. Mwaka 1971 Ufaransa ilikuwa bado na joto la maandamano ya wanafunzi na wafanyakazi ya Mei 1968. Tarehe 5 Aprili mwaka huo, wanawake 343 walitia saini tamko hadharani kwamba waliwahi kutoa mimba, jambo lililokuwa kosa la jinai. Kila mwiko ulikuwa unahojiwa, na filamu hii ilizaliwa katika hali hiyo. Ilishindana katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 1971, na mswada wake ukateuliwa kuwania Oscar.

La nne, kwa sentensi mbili: Malle, aliyezaliwa mwaka 1932, aliugua moyo utotoni na akaenda kwenye chemchemi na mama yake. Yaliyotokea usiku ule katika filamu alisema aliyabuni. Lisemwe mapema, vinginevyo nusu ya mjadala itakuwa umbeya juu ya marehemu.

Mjadala

Wakati wa mapumziko, mpe kila mtu kikaratasi kisicho na jina. Aandike mahali pamoja alipocheka na mahali pamoja alipotaka kuondoka. Kusanya, soma kumi kwa sauti. Usianze na "mmeionaje?", maana atajibu mzungumzaji yuleyule wa siku zote, naye atahutubu.

Karibu kila mara vikaratasi vitaonyesha kwamba watu walicheka asubuhi ya mwisho. Laurent anarudi viatu mkononi baada ya kulala kwa msichana wa rika lake, anakuta baba na kaka wamewasili, wote wanaangua kicheko, naye anacheka, mama anacheka. Uliza: kila mmoja chumbani mle anacheka nini? Baba na kaka wanacheka wanachokijua. Mama na mwana wanacheka wakiwa na wasichokijua wenzao. Swali hili peke yake linaweza kula dakika 15. Ziache ziliwe.

Kisha weka watu wazima wawili kando kwa kando: padri na mama. Padri anapomgusa mvulana, ukumbi unakunja uso. Kamera haimpendi, sauti yake ni ya utelezi. Mama anapofanya kubwa zaidi ya hilo, kamera inampenda, mwanga ni laini, na Lea Massari, anayemcheza mama, anaigiza kwa joto ambalo hakuna mwingine analo katika nyumba ile. Uliza ni nini hasa kinachotofautisha matendo hayo mawili, ukiondoa mwanga, muziki na uso mzuri. Watu wakae na swali hilo. Usilijibu wewe.

Rudi kwenye maneno ya mama baada ya tukio. Anamwambia asione aibu wala asijute, kwamba halitarudiwa wala kuzungumzwa, na litabaki kumbukumbu nzuri kati yao. Yatafsiri polepole, neno kwa neno. Kila anayefanya kazi na watoto anaitambua ahadi hiyo ya siri: ndiyo mtu mzima anayotumia kumfunga mtoto mdomo. Filamu inaitoa kama zawadi. Maoni yetu ni kwamba hapa Malle, fundi mkubwa kiasi kile, ameudanganya moyo wa mtazamaji, na ufundi wake ndio unaofanya udanganyifu upite. Wako wanaoona tofauti: kwamba analenga unafiki wa tabaka lake, na kwamba kumwadhibu Laurent kungekuwa kuwapa ushindi walewale wahubiri wa dhambi. Hoja hiyo ina uzito, na lazima itolewe na mtu ukumbini. Asipopatikana, itoe wewe kwa nguvu zako zote.

Kuna swali moja ambalo klabu ya Waswahili inaweza kuuliza vizuri kuliko klabu ya Paris. Pwani, mambo ya mwili hafundishi mama mzazi. Msichana ana somo au kungwi wake, mvulana ana jando na ngariba wake, na masihara ya mambo hayo huachiwa babu, bibi na watani. Kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto ni ukuta uliojengwa kwa makusudi, na nje ya ukuta amewekwa mwalimu. Sasa pitia nyumba ya Chevalier: nani mwalimu wa Laurent? Baba amefanya mwili wa mwanamke kuwa kazi yake ya mchana na hana neno kwa mwanawe. Padri hafai. Kaka wanafundisha kwa kumdhihaki. Ukuta hakuna, mwalimu hakuna, na mama anajaza nafasi zote. Waulize pia waliopita unyagoni au jandoni kama mafunzo yale yalitosha, maana jibu rahisi la "sisi tuna mila" halimlindi mtoto yeyote.

Mambo yatakayokwenda kombo

Mtu atasema, "Hao ndio Wafaransa." Mjibu kwa sheria yao. Neno inceste, yaani kujamiiana kwa maharimu, lilirudishwa katika kanuni ya adhabu ya Ufaransa mwaka 2016, na sheria ya 21 Aprili 2021 ikaweka kwamba mtu mzima hawezi kudai mtoto wa chini ya miaka 15 aliridhia, na kwa maharimu umri huo ni 18. Tume huru iliyoundwa huko mwaka 2021 ilikadiria watoto 160,000 hudhulumiwa kingono kila mwaka, wengi wao ndani ya familia. Nchi iliyotoa filamu hii sasa inaitazama kwa macho mengine.

Mwingine atasema mvulana "amebahatika", na wanaume watacheka. Simamisha hapohapo, kwa upole lakini bila kutania. Waombe wabadili jinsia: baba na binti wa miaka 14, muziki uleule, asubuhi ileile ya kicheko. Ukumbi hunyamaza wenyewe. Kisha taja kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 ina kifungu cha 21, kinachomhusu mwanamke anayetenda na maharimu yake.

Atakuwepo wa tatu, msomi, atakayetaja Oedipus, yule wa hadithi ya Kigiriki aliyemwoa mama yake, na Freud, mtaalamu wa nafsi, na kuegemea kiti kana kwamba kesi imeisha. Mwombe aonyeshe picha au neno katika filamu linalothibitisha. Mara nyingi atapata, na mazungumzo yatanufaika.

Ukimya wa sekunde 20 baada ya swali gumu haujaharibu kitu. Usiujaze.

Mtu akifungua moyo

Anaweza kufanya hivyo mbele ya wote au mlangoni baadaye. Mbele ya wote, mshukuru, usiulize maelezo, funga mada kwa staha na utangaze mapumziko mafupi. Mlangoni, sikiliza. Usimwambie "pole, yamepita", usimuulize alikuwa amevaa nini au kwa nini alinyamaza. Kama kuna mtoto aliye hatarini sasa, usiahidi kutunza siri. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, bila malipo, Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya, mtu mzima aliyedhulumiwa kijinsia anaweza kupiga 1195. Namba hizi ziandikwe kwa herufi kubwa mlangoni na ndani ya vyoo, mahali mtu anapoweza kuzinakili bila kuonekana.

Kama watazamaji ni vijana

Usiwaonyeshe hii, hata iliyokatwa. Chukua "Les Quatre Cents Coups" ya François Truffaut, iliyomletea tuzo ya mwongozaji bora Cannes mwaka 1959. Nayo ina mvulana, Antoine Doinel, anayekua katika nyumba isiyomtaka, ina mama mwenye siri na shule kali, na maswali ya ukuta na mwalimu yanaingia humo bila kubadilishwa. Ni dakika 99, nyeusi na nyeupe. Umbo lake ni pana, 2.35 kwa 1, kwa hiyo kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 utepe mweusi unakwenda juu na chini, pikseli 130 kila upande. Shusha manukuu yakae ndani ya utepe wa chini, mistari miwili inaenea, na picha inabaki bila maandishi juu yake, pamoja na ile ya mwisho, uso wa Antoine ufukweni.